Tunauza koltani kwa kilo, wenzetu wanaiuza kwa chembe

Mfanyabiashara aliyewahi kupeleka chai kwenye mnada wa Mombasa hahitaji kuelezwa kwamba ukubwa wa chembe ni pesa. Majani yamechumwa shamba moja, siku moja, na yamepita kiwanda kimoja. Mwishoni yanapitishwa kwenye machekecheke na kutoka yakiwa na majina manne: BP1, PF1, PD na D1. BP1 ndiyo chembe kubwa, D1 ndiyo vumbi. Kila jina lina mfuko wake, mnunuzi wake na bei yake. Wala vumbi halidharauliwi. Hutoa rangi haraka kikombeni kwa sababu maji ya moto yanaligusa jani kwa eneo kubwa zaidi, na mwenye kiwanda cha chai ya vipakiti analitafuta kwa bidii.

Kahawa nayo ni vivyo hivyo. Robusta ya Uganda huuzwa kwa namba za chujio, 18, 15 na 12, na mkulima wa Masaka anajua tofauti ya namba hizo hata kama hajawahi kuliona chujio lenyewe.

Sasa sogea hadi Goma, Bukavu au Rubavu, ambako mzigo unaobishaniwa ni koltani. Muuzaji huulizwa maswali mawili: kilo ngapi, na asilimia ngapi ya oksidi ya tantali. Miaka hii limeongezeka la tatu, kama mfuko una lebo ya kuonyesha ulikotoka. Hakuna anayeuliza chembe zake zina ukubwa gani. Ajabu yake ni kwamba mzigo huo ukishavuka bahari, karibu kila kinachoupandisha bei kinahusu chembe: kuzisaga, kuzikuza, kuzizuia zisikue, na kuzichagua zilingane.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mjadala wa madini katika ukanda wetu umepinda. Tunagombania kilo, na wenzetu wamejenga biashara yao juu ya kitu ambacho kwenye mizani yetu hakionekani.

Vita vya mzigo mdogo

Tangu Juni 27, 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda walipotia saini mkataba wa amani mjini Washington, maneno "kuongeza thamani" yamekuwa kama chumvi, hayakosekani kwenye hotuba. Mkataba ule unataja mfumo wa ushirikiano wa kiuchumi wa kikanda, madini yakiwemo. Mwaka mmoja na ushei kabla yake, Februari 2024, Umoja wa Ulaya ulikuwa umetiliana saini na Rwanda makubaliano kuhusu madini ya kimkakati, na Kinshasa ikakasirika waziwazi. Aprili mwaka huohuo waasi wa M23 wakaiteka Rubaya, wilayani Masisi. Miezi michache baadaye Bintou Keita, aliyekuwa akiongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba machimbo ya Rubaya hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba mzigo wa huko ulivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na wa Rwanda. Kigali imekuwa ikizikana tuhuma za aina hiyo.

Kongo na Rwanda kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya tantali inayochimbwa duniani. Burundi ina yake kidogo upande wa Kayanza. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni milima ya mzigo inayoshuka kuelekea bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Sivyo. Tantali yote inayochimbwa duniani kwa mwaka, ikihesabiwa kama metali tupu, ni tani 2,000 na kitu. Haijazi malori 100 ya tani 28. Mfanyabiashara wa mahindi wa Tunduma au Namanga ameona foleni ndefu kuliko hiyo.

Damu iliyomwagika kwa ajili ya malori yasiyofika 100 ni jambo la kumfanya mtu ajiulize kuna nini hasa ndani yake.

Kidude cha njano

Niliwahi kumkalia fundi simu mmoja Kariakoo akiwa amefungua bodi mbovu ya kompyuta mpakato. Kwa ncha ya koleo alinionyesha kidude cha njano, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari upande mmoja. Mstari ni alama ya chanya. "Hiki ukikigeuza kinalipuka," aliniambia, akaendelea na kazi yake.

Kidude kile ni kapasita ya tantali. Kazi yake ni kama ya pipa la maji nyumbani. Maji ya bomba yakija kwa kishindo pipa linapokea, na yakikatika pipa linatoa. Kapasita hufanya hivyo kwa umeme, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, ili sehemu nyingine za kifaa zisipate mshtuko.

Ndani yake mna kidonge cha unga wa tantali ulioshindiliwa kuzunguka waya. Kidonge huchomwa kwenye tanuru lililoondolewa hewa mpaka chembe zinashikana bila kuyeyuka, kikabaki na vitundu vingi kama mkate wa kumimina. Kisha hutumbukizwa kwenye maji ya tindikali na kupitishiwa umeme, na kila chembe inavaa ngozi nyembamba mno ya oksidi. Ngozi hiyo ndiyo inayozitenganisha chaji mbili za umeme zisikutane. Kadiri eneo la ngozi linavyokuwa kubwa, ndivyo kapasita inavyobeba umeme mwingi zaidi.

Hapa ndipo ukubwa wa chembe unapogeuka kuwa bei. Chukua kipande cha sukari guru chenye umbo la dadu, sentimita moja kila upande. Eneo lake la nje ni sentimita 6 za mraba. Kikate vidadu vya milimita moja moja. Unapata vidadu 1,000, uzito haujabadilika hata chembe, lakini eneo la nje sasa ni sentimita 60 za mraba. Endelea kukata mpaka ufike mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kipande kilekile cha sukari guru kitakuwa na eneo la mita 6 za mraba.

Tantali ni nzito kuliko maji mara 16 na zaidi, kwa hiyo gramu yake moja ni kitu kidogo sana, haifiki ukubwa wa punje ya mahindi. Gramu hiyo ikiwa unga wenye chembe za mikroni 10, eneo lake lote la nje ni kama nusu ya karatasi ya kuandikia. Chembe zikishushwa hadi mikroni 0.1, gramu ileile ina eneo linalozidi godoro la futi sita kwa sita. Madini ni yaleyale ya shimo lilelile. Ila kwa kiasi kilekile cha metali, mwenye unga wa pili anaweza kutengeneza vidude vingi zaidi, au vidogo zaidi, na simu nyembamba inawezekana.

Viwanda vya unga huo vina namba yao inayoeleza gramu moja inabeba chaji kiasi gani. Miaka ya 1960 namba hiyo ilikuwa elfu chache. Leo unga wa 100,000 ni bidhaa ya kawaida, na upo hata wa 200,000. Tantali haikubadilika katika miaka hiyo yote. Kilichobadilika ni ustadi wa kuziamuru chembe.

Udogo nao una kikomo

Msomaji makini atasema basi sagia mbali, unga mwembamba kabisa ndio mali. Lakini ngozi ya oksidi inakula nyama ya chembe yenyewe. Hesabu ya viwandani ni kama nanomita 2 za ngozi kwa kila volti inayotumika kuivalisha, na nanomita 1,000 ndizo mikroni moja. Kapasita ya kustahimili volti nyingi lazima ivalishwe ngozi nene. Ukivalisha kwa volti 100, ngozi inafika karibu mikroni 0.2. Chembe ya mikroni 0.1 ingegeuka ngozi tupu, isibaki metali ya kupitisha umeme. Kwa hiyo unga mwembamba kabisa ni wa vifaa vya volti chache, kama simu na kompyuta. Penye volti kubwa, mnunuzi anataka chembe nene na analipia unene huo.

Kuna na moto. Unga wa tantali ulio mwembamba sana ukikutana na hewa bila kutayarishwa unaweza kuwaka wenyewe. Na kule tanuruni, joto likizidi kidogo chembe zinaungana na kunenepa kama maandazi yaliyobanana kwenye karai, eneo lote ulilolihangaikia linapotea kwa dakika chache. Joto likipungua hazishikani, kidonge kinamung'unyika. Katikati ya makosa hayo mawili kuna njia nyembamba, na kampuni zinazoijua zimeilinda kwa miongo mingi.

Ndiyo maana ni chache. Global Advanced Metals ina viwanda Boyertown nchini Marekani na Aizu nchini Japani. Ujerumani kuna Taniobis, iliyotokana na H.C. Starck. China kuna Ningxia Orient. Ukiongeza vingine vichache, orodha imekwisha. Hakuna hata kimoja Afrika Mashariki.

Tuongeze thamani wapi?

Nikisikia kiongozi akisema nchi yake itaacha kuuza koltani ghafi, swali langu huwa ni atasimama ngazi ya ngapi. Njia kutoka shimoni hadi kwenye kidude cha njano ina ngazi nne, na haziko sawa kwa ugumu wala kwa faida.

Ya kwanza ni kuosha na kuchambua mpaka upate mchanga mzito wenye asilimia inayouzika. Hiyo tunaifanya. Ya pili ni kuyeyusha mchanga huo kwa kemikali ili kutenga tantali na niobi, metali mbili zinazofanana kama pacha. Kazi hiyo hufanywa kwa tindikali ya haidrofloriki, ambayo ikikudondokea hupenya ngozi na kufuata mfupa, na mabaki yake yana urani na thori zilizokuwemo kwenye madini tangu mwanzo. Mizigo mingine ya koltani hukataliwa na kampuni za meli kwa sababu ya mionzi hiyo hiyo. Ya tatu ni kuipata metali yenyewe kwa kuichoma chumvi ya tantali pamoja na sodiamu. Hapo ndipo ukubwa wa chembe unapozaliwa: kiasi cha chumvi nyingine inayochanganywa, joto, na kasi ya kutia sodiamu ndivyo vinavyoamua chembe zitoke nene au nyembamba. Ya nne ni kuzishikanisha chembe hizo kuwa unga wenye vitundu, unaoshindilika bila kuziba.

Watu wengi hufananisha na bati, kwa kuwa Kigali tayari ina kiwanda cha kuyeyusha bati. Mfano huo unapotosha. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na mnunuzi anataka mche safi tu. Tantali huyeyuka karibu na nyuzi 3,000, wakati chuma huyeyuka nyuzi 1,538. Na hata ungefanikiwa kuiyeyusha, mche wa tantali si kitu anachokitaka mtengeneza kapasita. Anataka unga wa ukubwa aliouandika kwenye oda yake, kila mfuko sawa na uliotangulia, mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo ngazi ya tatu na ya nne hazijengwi kwa hotuba wala kwa kukata utepe. Zinajengwa na wahandisi waliokaa kiwandani miaka 20. Nadhani ngazi ya pili inawezekana kwetu, lakini kwa sharti moja ambalo wanasiasa hawapendi kulitaja: mzigo wa dunia nzima haujazi malori 100, kwa hiyo ukanda huu hauwezi kulisha viwanda vitano. Unaweza kulisha kimoja, labda viwili. Kila nchi ikitangaza kiwanda chake, tutakuwa na majengo mengi yenye kufuli. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na kama kuna kitu kinachoweza kuipima jumuiya hiyo kwa vitendo, ni kukubaliana kiwanda hicho kikae wapi, mabaki yake yenye mionzi yatunzwe na nani, na mzigo wa jirani ulipe ushuru gani kukifikia. Katika hali ya sasa kati ya Kinshasa na Kigali, mazungumzo hayo ni magumu. Lakini bila hayo, maneno "kuongeza thamani" hayana anwani.

Chembe zinazokwenda na maji

Faida iliyo karibu zaidi iko ngazi ya kwanza, na yenyewe pia ni habari ya ukubwa wa chembe.

Koltani huchambuliwa kwa uzito. Madini ni mazito na mchanga ni mwepesi. Ukitiririsha maji, mchanga unakwenda, madini yanabaki. Kila mchimbaji analijua hilo. Asichoambiwa ni kwamba kanuni hiyo inalegea chembe zikiwa ndogo sana. Katika ukubwa huo, chembe ikipungua mara 10, kasi yake ya kuzama majini hupungua mara 100. Vumbi la koltani, pamoja na uzito wake wote, linaelea na tope na kuteremka mtoni.

Pale mwamba ulipo mgumu, vijana huponda kwa nyundo mpaka kila kitu kiwe unga, wakidhani wanajisaidia. Sehemu ya jasho lao wanaisaga kuwa vumbi na kulimwaga. Tiba si mashine ya mamilioni. Ponda kidogo, chekecha, kilichopita kioshwe, kilichobaki juu kirudi kupondwa. Kisha kila ukubwa uoshwe peke yake, kwa sababu chembe kubwa ya mchanga na chembe ndogo ya koltani zinaweza kuzama kwa kasi moja, na maji hayajui kuzitofautisha. Kuna watu wanaonunua tope lililotupwa na wengine na kulipitisha kwenye meza za kutikisa. Hawanunui tope kwa huruma.

Wewe unayenunua mfuko mlimani na kuuuza mjini, chembe zinakugusa kwa njia nyingine. Mashine ya mkononi ya kupima asilimia, ile yenye umbo la bastola, huona tabaka jembamba la juu tu. Ikielekezwa kwenye mchanga wenye punje nene na nyembamba zilizochanganyika, namba inategemea ni punje gani imekaa mbele ya kioo. Mfuko ukitikiswa njiani, kama unavyotikiswa kwenye barabara zetu, punje nene hupanda juu na vumbi hushuka chini, kama karanga kwenye gunia lenye mchanga. Ukichota juu unapima kitu kimoja, ukichota chini unapima kingine. Ugomvi mwingi wa asilimia kati ya muuzaji wa mlimani na mnunuzi wa mjini unaanzia hapo, na kila upande unaamini mwenzake ni mwizi.

Dawa yake inajulikana maabara zote. Mfuko humwagwa wote, ukachanganywa, ukarundikwa kama chungu, chungu kikagawanywa mara nne, robo mbili zinazoelekeana zikaondolewa, na zilizobaki zikachanganywa tena mpaka kibaki kiasi cha kiganja. Kiasi hicho husagwa kiwe laini kama unga wa ngano, ndipo kipimwe. Mnunuzi anayekataa kusaga sampuli mbele yako anakuuzia bahati nasibu, na karata anazishika yeye.

Waliokwisha kuanza kuuliza ukubwa

Ukanda wetu una bidhaa moja ya madini ambayo tayari huuzwa kwa ukubwa. Kinywe cha Tanzania, cha Mahenge na Ruangwa, na kile cha Balama nchini Msumbiji, huwa katika magamba, na gamba kubwa huwa na bei kuliko dogo. Gamba likishavunjwa kiwandani halirudishiki, hivyo mhandisi anayesaga kwa pupa anaiteketeza mali kabla haijafika bandarini. Betri za magari ya umeme, kwa upande wao, hazitaki gamba kubwa. Zinataka chembe za mikroni 10 hadi 20 zilizoviringishwa kama mtama, na katika kuviringisha, sehemu kubwa ya mzigo hubaki kuwa vumbi. China ndiyo bingwa wa hatua hiyo. Desemba 1, 2023, Beijing ilipoanza kudai vibali kwa bidhaa za kinywe zinazotoka nchini kwake, watengeneza betri ndio walioshtuka. Kinywe kipo nchi nyingi. Wanaoweza kukiviringisha ni wachache.

Kwenye koltani mambo yamekwenda kinyume na sisi, na hili wafanyabiashara wetu hawalizungumzi vya kutosha.

Mwaka 2000 bei ya tantali ilipaa mara kadhaa ndani ya miezi michache. Kivu watu waliacha mashamba wakakimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na waliokuwa wamenunua kwa mkopo wakaachwa na mifuko. Habari hiyo tunaikumbuka. Tusichokiona ni kilichoendelea kwenye maabara za wanunuzi. Waliokuwa wameumizwa na bei walizidisha juhudi za kutafuta mbadala, na mbadala ukapatikana kwenye kauri.

Kapasita ya kauri hutengenezwa kwa bariamu titaneti, unga mweupe ambao malighafi zake hazitegemei mlima mmoja wa Masisi. Unga huo hutandazwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati za kusukuma, na kati ya tabaka hupakwa nikeli. Tabaka likiwa jembamba na chembe zikiwa ndogo na sawasawa, yanaenea mamia ndani ya kidude kimoja. Hata hapa udogo una mtego wake: mwaka 1985 watafiti Arlt, Hennings na de With walionyesha kwamba uwezo wa kauri hiyo kuhifadhi chaji hufikia kilele punje zake zikiwa karibu na mikroni moja, na zikipungua chini ya hapo uwezo unashuka. Watengenezaji wa Japani na Korea waliukubali mshuko huo, kwa sababu tabaka jembamba lilirudisha zaidi ya kile punje ndogo ilichopoteza. Siku hizi wanatumia chembe za mikroni 0.1 na 0.2, na tabaka lisilofika mikroni moja.

Matokeo yake, kazi nyingi zilizokuwa za tantali zimehamia kwenye kauri. Tantali imebaki mahali ambapo haina mshindani mzuri: vifaa vya hospitali vinavyowekwa mwilini, ndege, silaha, kompyuta kubwa, na popote panapotakiwa chaji nyingi ndani ya nafasi ndogo bila kuyumba kwa joto. Soko hilo lipo na linalipa. Lakini wanunuzi wake ni wachache na wanadai karatasi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza Januari 1, 2021 zinawabana wajue madini yametoka wapi. Kila mara barabara ya Goma inapofungwa, au lebo za mifuko zinapotiliwa shaka, kuna mhandisi mahali fulani anayeambiwa na bosi wake ajaribu tena kauri.

Nilimuuliza yule fundi wa Kariakoo kama bado anakutana na vidude vya njano kwa wingi. Hakujibu. Alivuta boksi la bodi za simu alizozikusanya, akachukua moja na kuiweka chini ya kioo cha kukuzia, akanisogezea. Vidude vya kauri, vile vya rangi ya kahawia visivyo na alama yoyote, vilikuwa vimejaa kila kona, mamia kwa mamia. Cha njano nilitafuta sana, sikukiona hata kimoja.